Kifungu cha Kumi na Mbili

Jumanne, 1 Oktoba

Uchumaji umeanza. Kahawa ya matawi ya chini imeiva vizuri, ya juu bado ni ya kijani. Hakuna mvua. Huu ni msimu wa kumi na tano tangu niwe katibu wa chama chetu cha ushirika cha kahawa hapa Kanja, na kila msimu nimeuandikia daftari lake. Nilifundisha Kiswahili miaka thelathini na miwili. Mkono wangu haujui kukaa bure.

Alhamisi, 3 Oktoba

Leo alikuja Lennox Mwirigi, fundi wa kompyuta kutoka Meru mjini, mzaliwa wa Ruiri. Ni kijana mwenye adabu, ila viatu vyake havikuwa vimepigwa rangi. Alileta mchoro. Si picha ya kitu chochote. Ni visanduku na mistari. Kisanduku kimoja ameandika Mwanachama, kingine Kiwanda, kingine Mzigo. Akanieleza kwamba yeye hatengenezi kwa mkono majedwali ya kuhifadhi takwimu zetu. Anachora jinsi shughuli yetu ilivyo, kisha anabonyeza, na programu inayatunga majedwali yenyewe kutokana na mchoro: kila kisanduku kinakuwa jedwali, kila mstari unakuwa kiungo. Kisichochorwa hakipati nafasi popote. Juu ya majedwali hayo utakaa ubao wa utendaji, utakaoonyesha kila wiki hali ya viwanda vyetu viwili, cha Juu na cha Chini, kwa rangi: kijani, manjano au nyekundu.

Nilipenda jambo hilo. Ni kama kumpa mwanafunzi kanuni naye akatunga sentensi sahihi zote bila kufikiri.

Aliniuliza maswali mengi. Moja lilikuwa hili: mwanachama wa kiwanda kimoja anaweza kupeleka kahawa katika kiwanda kingine? Nikamwambia hawezi. Kifungu cha kumi na mbili cha sheria ndogo za chama kinasema kila mwanachama atapeleka kahawa yake katika kiwanda alichoandikishwa na si kwingine. Atakayekiuka atasimamishwa msimu mmoja, na meneja atakayempokea ataachishwa kazi. Kifungu hicho nilikiandika mimi.

"Na wakipeleka?" akauliza.

"Hawapeleki."

Basi akachora mstari mmoja tu kutoka Mwanachama hadi Kiwanda. Akasema kwamba kwa hiyo Mzigo hauhitaji kuandikiwa mahali. Mahali pake patajulikana kwa mwenye mzigo. Akauliza kama awaone pia mameneja na akina mama wanaoleta kahawa mizanini. Nikamjibu kwamba sheria haihitaji mashahidi. Nikatia sahihi chini ya kila ukurasa.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimekusanya madaftari ya zamani kutoka viwanda vyote viwili, nimeyafungia kabatini. Mutugi, meneja wa Juu, alilishika la kwake kwa muda kabla ya kuliachia. Akaomba abaki na kijitabu kidogo "cha kukumbuka mambo." Nilimwambia kumbukumbu mbili ni uongo mmoja. Akacheka, akaondoka.

Meneja wa Chini, Angeline Wawira, alileta lake limefunikwa kwa karatasi ya kaki. Huyu ni mgeni. Alikuja mwezi wa Agosti kutoka Gachoka, alikokuwa akisimamia ghala la ndengu, na sasa anaishi na binti yake mdogo katika nyumba ya kiwanda. Wajumbe wa kamati walinung'unika kwamba mtu wa Mbeere, kwenye ukame wa tambarare, ajue nini kuhusu kahawa. Mimi ndiye niliyemtetea. Barua yake ya kuomba kazi haikuwa na kosa hata moja.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mizani mipya imeanza kazi. Karani anabonyeza nambari ya mwanachama, mzigo unapimwa, ujumbe unamfikia mwenye kahawa kwenye simu. Jioni nilipata wangu: kilo 58, Kiwanda: Chini. Safi.

Jumatano, 16 Oktoba

Mvua. Ilianza saa nane mchana, ikanyesha kama iliyokuwa ikidaiwa. Kijito kinachotenganisha kilima chetu na kiwanda cha Chini kimefunika magogo ya kuvukia.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua. Ujumbe: kilo 61, Chini.

Jumatano, 23 Oktoba

Mvua, siku ya nane mfululizo. Ujumbe: kilo 74, Chini. Mke wangu ana bidii. Mimi nashinda ofisini na makaratasi. Shamba analishughulikia yeye, Mama Munyi.

Jumatatu, 4 Novemba

Ubao wa utendaji umetoka na rangi zake za kwanza. Juu ni kijani. Chini ni manjano.

Jumatatu, 11 Novemba

Chini ni nyekundu.

Kila mkulima hapa anajua kwamba kilo sita za kahawa mbivu, ikimenywa, ikaoshwa na kukaushwa, hutoa kilo moja kavu. Katika majuma mawili ya kwanza ya mvua ubao unaonyesha Chini ilipokea kilo elfu kumi na nane mbivu. Ghalani zilipaswa kuwepo kilo elfu tatu kavu. Zipo elfu mbili mia mbili na hamsini. Mwenyekiti wetu, Muriithi, alikuja ofisini akiwa na karatasi ya ubao huo mkononi, akaiweka mezani, akaigonga kwa kidole mara tatu. Halafu akasema, "Mwalimu, ile barua nzuri."

Niliivuta ile karatasi, nikaanza kuhesabu upya.

Ijumaa, 15 Novemba

Kamati ilikaa. Wawira aliitwa. Alisimama akiwa amevaa gambuti zenye matope ya kiwanda, kwa sababu aliitwa ghafla. Mwenyekiti alimwuliza kahawa imekwenda wapi. Akasema hajapokea kilo hizo. Nikamwonyesha majina: tarehe, nambari ya mwanachama, uzito. Akasoma ukurasa mzima kwa utulivu, akarudia kwamba hajazipokea.

Nikamwambia mizani haina sababu ya kusema uongo.

"Mwalimu," akasema, "vitanda vyangu vya kukaushia ni arobaini. Hiyo kahawa yote mnayosema, ningeianika wapi? Juu ya paa la kanisa?"

Mjumbe mmoja akacheka. Mimi sikucheka. Niliona ni majibu ya mtu mwerevu aliyekosa jibu, na nikaandika hivyo katika kumbukumbu za kikao. Mutugi naye alikuwepo. Mwenyekiti alimpongeza mbele ya wote kwa utendaji wa Juu, tukampigia makofi. Mutugi aliitazama mikono yetu ikipiga makofi kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Jumatatu, 18 Novemba

Nyekundu tena. Upungufu sasa ni kilo elfu moja mia nne kavu. Mvua haijapumzika.

Jumanne, 19 Novemba

Wawira amesimamishwa kazi. Barua niliandika mimi. Anapaswa kuondoka katika nyumba ya kiwanda kufikia mwisho wa mwezi, na Jumanne ijayo mwenyekiti atampeleka polisi kuandikisha maelezo. Nilimpa barua mkononi. Aliisoma mlangoni, binti yake ameshika sketi yake. Akaniuliza kama nimewauliza wakulima wenyewe. Nikasema bado. Akasema, "Basi umeandika kabla ya kuuliza."

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniambia neno kama hilo. Nilirudi kwa miguu nikilibeba.

Jumatano, 20 Novemba

Nimeuliza. Sitaki mtu aseme sikuuliza. Nilichagua wanachama thelathini wa Chini kutoka katika orodha ya ubao, nikawatembelea nyumba kwa nyumba chini ya mwavuli. Kila mmoja nilimsomea tarehe na kilo, nikamwuliza: je, uliipeleka kahawa hii? Wote thelathini walisema ndiyo. Baadhi walisema haraka sana, kisha wakanikaribisha chai. Mama mmoja alijibu akichambua maharagwe, hakuinua macho hata mara moja.

Kwa hiyo jambo limethibitika. Kahawa ilitoka mashambani, kahawa haipo ghalani, na katikati yupo mtu mmoja.

Nashangaa kwamba sikufurahi kuwa sahihi.

Ijumaa, 22 Novemba

Mvua ilikatika asubuhi kwa saa mbili. Nilikwenda Chini, kwa njia ya barabara kuu, mwendo mrefu, kwani magogo bado yamo ndani ya maji. Kiwanda kina msimamizi wa muda. Nilitembea kati ya vitanda vya kukaushia nikavihesabu. Arobaini. Nikapima urefu wa kimoja kwa hatua, nikauliza wafanyakazi wanaanika kilo ngapi kwa kitanda na kwa siku ngapi wakati wa mvua. Nilikaa juu ya gunia nikapiga hesabu mara nne.

Haikai. Hata vingejazwa usiku na mchana tangu Oktoba, vitanda hivi haviwezi kukausha kahawa ambayo ubao unasema iliingia hapa. Wawira hakuwa akifanya mzaha. Alikuwa akinipa hesabu, nami nikaiandika kuwa ujeuri.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimekaa na karatasi za ubao tangu asubuhi. Siku zote tulikuwa tukitazama nyekundu. Leo nimetazama kijani. Katika majuma mawili yale ya kwanza, Juu ilipokea kilo elfu kumi na sita mbivu, ikatoa elfu tatu mia nne na zaidi kavu. Hiyo ni chini ya kilo tano kwa moja. Hakuna kahawa ya namna hiyo katika mteremko wote wa Mlima Kenya. Mtoto wa darasa la sita angeinua mkono. Sisi tulipiga makofi.

Nikatoa kwa kipimo cha sita kwa moja: Juu imezidi kwa karibu kilo mia saba na hamsini. Chini imepungua kwa mia saba na hamsini. Kilichopotea huku kipo kule.

Wazo langu la kwanza lilikuwa baya: kwamba Wawira na Mutugi wamekula njama. Naliandika hapa kwa sababu nililiwaza.

Jumapili, 24 Novemba

Baada ya ibada nilikaa barazani na orodha nzima ya mizigo ya Chini, si wale thelathini tu. Nilitaka kuona ni wanachama gani walioleta kahawa siku zile ambazo vitanda vilikuwa vimejaa. Nikaanza kuwatia alama. Wote walikuwa wa upande wetu wa kijito. Katika ukurasa wa tatu niliona nambari 417. Ni yangu. Tarehe 17 Oktoba, kilo 61.

Nilikaa nikiitazama nambari hiyo. Tarehe 17 Oktoba magogo yalikuwa chini ya maji. Niliandika hivyo mwenyewe katika daftari hili, siku moja kabla.

Mama Munyi alikuwa akimenya ndizi mlangoni mwa jiko. Nikamwuliza kahawa yetu ya mwezi uliopita aliipeleka wapi. Akasema kiwandani. Nikauliza kiwanda kipi. Kisu kikasimama.

Alinijibu kwa Kiembu. Naandika kwa Kiswahili jinsi alivyosema. "Baba Munyi, maji yale ya kijito, wewe ungeyavuka vipi na gunia mgongoni?"

Nikamwuliza tena, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Juu," akasema. "Tunapeleka Juu. Kila mwaka mvua ikija tunapeleka Juu. Kahawa haingoji kesho, ikilala imeharibika. Ulitaka tuimwage?"

Nikamwuliza ni tangu lini. Akasema tangu nilipoandika ile sheria, na kabla yake. Wanachama themanini na zaidi wa kilima chetu waliandikishwa Chini na baba zao, kabla kiwanda cha Juu hakijajengwa, na kila msimu wa mvua wanapanda na mizigo yao kwa Mutugi kwa sababu barabara ya huko haivuki maji. Mutugi aliwapokea, akaandika katika daftari lake, "ya ng'ambo," na mwisho wa msimu yeye na meneja wa Chini walikaa pamoja wakarekebisha hesabu zao kimyakimya, kabla vitabu havijanifikia mimi. Miaka kumi na tano. Meneja wa zamani wa Chini alistaafu Julai bila kumwachia Wawira neno, na Wawira, mtu wa ndengu, hakujua kuna kitu cha kuuliza.

Nikamwambia kwamba ujumbe kwenye simu ulisema Chini.

Hapo akanitazama kwa namna ambayo sijaiona katika ndoa yetu. Ilikuwa karibu na huruma. "Tuliuona. Tunapima Juu, simu inasema Chini. Tukasema hii mashine ina moyo. Imetuona tunavyoteseka, ikaamua kutusitiri kwa Mwalimu."

"Na nilipokwenda nyumba kwa nyumba?"

"Uliuliza kama walipeleka. Walipeleka. Hukuuliza wapi. Nani angekuambia wapi? Wewe?"

Nilimpigia Lennox simu papo hapo, ingawa ni Jumapili. Alisikiliza, kisha akasema kwa Kiswahili chake kile: "Mwalimu, sistimu haina makosa. Imefanya ile kitu iliambiwa." Jedwali la mizigo halina safu ya mahali, kwa sababu mchoro haukuwa nayo. Kila mzigo unatafuta kiwanda chake kwa kufuata mwenye mzigo, na mwenye mzigo ana kiwanda kimoja tu. Ndiyo maana kahawa iliyopimwa Juu ikawa ya Chini mara tu ilipoingia.

Nikamwuliza kama kuna popote palipobaki alama ya mahali penyewe. Akasema ipo. Kila mizani hutuma ujumbe wake ukiwa na nambari ya mizani hiyo, na jumbe hizo ghafi zinahifadhiwa kando. Ila hukaa siku arobaini, kisha hufutwa zenyewe. Akahesabu. Jumbe za tarehe 16 Oktoba zitafutwa kesho saa sita mchana, na kila siku baada ya hapo siku moja itatoweka.

Nikamwamuru azuie. Akasema hawezi kugusa kitu bila barua ya chama, kwa sababu mkataba unasema hivyo, na barua hiyo lazima itaje ni wapi maelezo ya kwanza yalikosea na ni nani aliyeyatoa. "Pole, Mwalimu. Hiyo sheria mliweka nyinyi."

Niliweka mimi.

Jumatatu, 25 Novemba

Saa mbili asubuhi nilikuwa ofisini. Mwenyekiti alikuwa amefika kabla yangu, kwa kuwa nilimpigia simu jana. Nilimweleza yote. Aliuchezea mfuniko wa kalamu yake kwa muda mrefu. Halafu akasema jambo ambalo alikuwa amelilalia: tuandike kwamba programu ilikosea. Watu wataelewa mashine kukosea. Wawira atarudi kazini, kampuni ya yule kijana italaumiwa, na mimi nitabaki katibu. "Kwa nini uvue shati sokoni, Mwalimu? Umebakiza miaka mingapi?"

Nitasema kweli hapa, kwa kuwa hili ni daftari langu. Nilifikiri. Haikuwa kwa dakika moja. Nilifikiri kwamba Lennox ni kijana, atapata kazi nyingine. Kwamba jina langu limejengwa kwa miaka arobaini. Kwamba hata hivyo Wawira angepona. Ilikuwa saa nne kasorobo. Mvua ilikuwa ikipiga mabati hata nisiweze kuisikia sauti yangu, na labda hilo ndilo lililonisaidia, kwa sababu niliandika bila kuzungumza.

Niliandika: Mimi, Muriuki, katibu, tarehe tatu Oktoba niliulizwa kama mwanachama huweza kupeleka kahawa katika kiwanda kisicho chake, nikajibu kwamba haiwezekani. Jibu hilo halikuwa kweli. Nilieleza sheria nilipoulizwa desturi. Nilishauriwa niwahoji mameneja na wakulima, nikakataa.

Mwenyekiti aliisoma. Akasema, "Umekosa hata kujipatia kichaka cha kujifichia." Kisha akapiga mhuri, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Niliipiga barua picha kwa simu, nikaituma. Mtandao ukagoma. Nilitoka nje na mwavuli nikapanda hadi kwenye kona ya shule, ambako mtandao hushika. Saa tano na dakika arobaini na moja ilienda. Saa tano na dakika hamsini na nne Lennox aliandika neno moja: Imezuiwa.

Niliketi kwenye ukuta wa shule.

Jumanne, 26 Novemba

Safari ya polisi imefutwa. Nilikwenda Juu kumwona Mutugi. Alikuwa ameshasikia. Hakukana. Akasema mwanzoni hakujua ubao unafanya nini. Alidhani mashine inajua mizani iko wapi. Alipoona nyekundu ya Chini alielewa. Nikamwuliza kwa nini alimwacha mwanamke yule asimamishwe kazi na kufukuzwa nyumbani.

"Meneja atakayempokea ataachishwa kazi," akasema. Alikisoma kifungu changu kwa moyo, bila kuruka neno. "Nina watoto wanne, Mwalimu. Nilikuwa nangoja useme kitu. Wewe ndiye mwenye kusema vitu."

Nilikuwa nimekwenda kumkemea. Nilirudi bila kumkemea.

Jumatano, 27 Novemba

Lennox ametuma orodha mpya. Amesoma nambari ya mizani katika kila ujumbe ghafi, mzigo kwa mzigo, tangu tarehe 16. Chini: kilo sita kwa moja, bila upungufu. Juu: kilo sita kwa moja.

Alhamisi, 28 Novemba

Mkutano mkuu maalum ulikuwa umeitwa ili kuidhinisha kufukuzwa kwa Wawira. Ulifanyika katika ukumbi wa kanisa kwa sababu ya mvua. Watu walijaa hadi madirishani. Wawira alikaa safu ya mbele, mwisho kabisa, binti yake mapajani.

Nilisimama nikasoma ile barua yangu. Kisha nikasoma orodha mpya. Kisha nikasema kwamba Angeline Wawira hakuiba hata punje moja, kwamba alituambia ukweli tarehe 15 nami nikauandika kuwa ujeuri, na kwamba naomba radhi kwake na kwa mtoto wake mbele ya wote walioambiwa kuwa yeye ni mwizi.

Halafu sauti ya mwanamume nyuma ikasema, "Kumbe Mwalimu naye ni wa ng'ambo!" na kicheko kikaanza dirishani kikaja mbele kama maji.

Nikangoja kiishe. Nikasema kwamba kifungu cha kumi na mbili bado ni sheria. Kwa kifungu hicho nambari 417 imesimamishwa msimu mmoja, na naomba iandikwe.

Hapo akasimama Cucu Njura, bibi mjane wa kilima chetu, mwenye kimo cha mtoto na sauti ya kengele. Akasema ikiwa 417 imesimamishwa, basi na yake isimamishwe, na ya huyu, na ya yule, akawaonyesha kwa kidole safu kwa safu, nao wakasimama mmoja mmoja, wengine wakiona haya, hadi nusu ya ukumbi ilikuwa wima. "Tufukuzeni sote," akasema. "Halafu iambieni hiyo mashine yenu ije kuchuma kahawa."

Mwenyekiti hakuwa na la kufanya. Ilipigwa kura. Kifungu kimeondolewa, kitaandikwa upya. Wawira amerudishwa kazini. Mutugi amepewa onyo, na yeye mwenyewe alikwenda kumwomba Wawira radhi kwenye ngazi za ukumbi, sikusikia waliyosemezana. Mimi nilitoa barua ya kujiuzulu. Waliikataa hadi msimu uishe, kwa sababu, alisema mwenyekiti, hakuna mwingine anayejua kabati lina nini.

Wawira alinipita mlangoni. Nikamwambia tena kwamba naomba radhi. Akasimama.

"Nimesikia, Mwalimu," akasema. Akafungua mwavuli, akamfunika mtoto, akaenda zake.

Sikuwa na haki ya zaidi ya hapo.

Jumatano, 4 Desemba

Mvua inapungua. Ujumbe: kilo 49. Kiwanda: Chini. Bado uongo.

Jumanne, 10 Desemba

Lennox amekuja kuchora upya, ili programu itunge majedwali mengine. Safari hii nilimwambia tusikae ofisini. Tukaenda Chini, katika chumba cha mizani. Wawira alikuwa amewaita akina mama kumi na wawili, wa pande zote mbili za kijito, pamoja na makarani na Mutugi. Walikaa juu ya magunia. Mke wangu alikuwa miongoni mwao, na Cucu Njura.

Lennox alitundika karatasi kubwa ukutani, nyeupe tupu, akauliza swali lake la kwanza: kahawa ikitoka shambani inakwenda wapi? Hakuna aliyejibu. Akauliza kwa njia nyingine. Wakatazamana. Mama mmoja akasema inakwenda kama sheria inavyosema. Mwingine akasema ndiyo, ni hivyo hivyo. Nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na mlango, sijafungua mdomo. Nilidhani kunyamaza kunatosha.

Wawira alikuja mpaka nilipokuwa nimekaa, akainama ili asisikiwe na wengine.

"Mwalimu, usinielewe vibaya. Ukiwa hapa hawatasema."

Nikatazama ndani. Walikuwa wakitazama sakafu, wanawake wazima, baadhi yao niliwafundisha, na mmoja nimeoana naye miaka arobaini na moja. Nikachukua kofia yangu, nikatoka.

Nilisimama chini ya upenu wa banda la mashine ya kumenyea. Manyunyu yalikuwa mepesi. Kisha nikasikia mtu mmoja akizungumza kwa Kiembu, polepole, halafu wa pili akamkatiza, halafu wa tatu akisema hapana, si hivyo, hivyo ni wakati wa kiangazi tu. Wakacheka. Nilimtambua mke wangu katika kicheko hicho. Walizungumza hadi saa saba na nusu, nami sikujua kwamba kuna mengi kiasi hicho.

Lennox alitoka mara mbili kuomba karatasi nyingine. Nilimpa. Sikumwuliza ni ya nini.